Bang Away: Mbwa wa makombe 121 aliyeacha mabingwa 81

Na Mwandishi Wetu

MASHABIKI wa soka tuna ugonjwa mmoja. Straika akitundika daluga leo, kesho tunaanza kuulizana: "Ana mtoto wa kiume?" Akiwepo, dogo hana raha tena. Akigusa mpira shuleni watu wanakuja na simu kumrekodi. Akipiga chenga moja, kijiwe kizima kinasema ni baba mtupu.

Wakati mwingine bahati inakubali. Mwaka 1963 Cesare Maldini alinyanyua Kombe la Ulaya akiwa nahodha wa AC Milan. Miaka 40 baadaye, mwaka 2003, mwanaye Paolo alinyanyua kombe hilohilo akiwa nahodha wa timu hiyohiyo. Lakini kila mtu anajua kwamba kwa Maldini mmoja kuna watoto kibao wa mastaa ambao jina la baba liliwafungulia geti la mazoezi, halafu miguu ikagoma.

Kwenye soka swali la damu ni stori za kijiweni. Ila kuna mchezo mmoja ambao swali hilo ndilo mchezo wenyewe. Humo bingwa hahesabiwi kwa makombe yake tu, anahesabiwa na kwa watoto wake. Ukibeba makombe mia na watoto wako wakawa wa kawaida, baada ya miaka kumi hakuna anayekukumbuka. Ukizaa mabingwa, hufi.

Mchezo huo ni maonyesho ya mbwa. Na leo tunamzungumzia Bang Away, mbwa wa aina ya Boxer aliyezaliwa California, Marekani, Februari 17, 1949.

Najua wengi wetu mbwa tunamjua kama mlinzi wa geti, tena anayefunguliwa usiku na kufungiwa asubuhi. Vumilia kidogo. Ndani ya stori hii kuna usajili, kuna timu masikini iliyouza mastaa wake wote, kuna fainali ya New York, na mwisho kuna bili ambayo watu walikuja kuilipa miaka mingi baadaye.

SIYO SHINDANO LA UREMBO

Kwanza tuelewane kuhusu sheria. Mtu akiona mbwa wanakimbizwa kwenye zulia huku jaji kavaa suti anadhani ni mashindano ya urembo. Sivyo.

Kila aina ya mbwa ina maelezo yaliyoandikwa: urefu, umbo la kichwa, kifua, miguu, meno, rangi, mwendo na hata tabia. Boxer dume, kwa mfano, anatakiwa awe na kimo cha sentimita 57 hadi 63 begani, misuli iliyokaza, pua fupi, na taya la chini lililotangulia mbele ya la juu. Jaji hamlinganishi mbwa huyu na yule kwa kupenda kwake. Anamlinganisha kila mmoja na maandishi yale, kisha anampa ushindi aliyeyakaribia zaidi.

Marekani ili mbwa aitwe bingwa anatakiwa kukusanya pointi 15, na lazima azipate chini ya majaji tofauti, ndani yake kuwe na ushindi mkubwa angalau mara mbili. Kwa hiyo huwezi kubebwa na jaji mmoja mshikaji wako ukamaliza kazi.

Siku ya shindano ni kama Kombe la Dunia. Kwanza unawashinda wa aina yako. Kisha unaingia kwenye kundi, unakutana na vinara wa aina nyingine. Washindi wa makundi wanakutana fainali, anabaki mmoja, na huyo ndiye mbwa bora wa onyesho zima. Onyesho maarufu kuliko yote Marekani ni Westminster la New York, ambalo lilianza mwaka 1877. Ni mashindano ya siku nyingi kuliko ligi nyingi za soka unazozijua.

Sasa sikia sheria moja ambayo ndiyo roho ya mambo yote: mbwa aliyehasiwa haruhusiwi kushindana. Kwa nini? Kwa sababu onyesho lilibuniwa ili kuwatambua wanaofaa kuzalisha. Kombe ni tangazo tu. Linamwambia kila mwenye jike, "Huyu hapa, mlete mkeo." Samahani kwa lugha, lakini ndivyo ilivyo.

MAMA WA MUNICH

Stori ya Bang Away haianzii California. Inaanzia Ujerumani, kwa mwanamke aliyeitwa Friederun Stockmann.

Boxer ni mbwa wa Kijerumani. Mababu zake walikuwa mbwa wa kuwinda wanyama wakubwa, wakachanganywa na damu ya bulldog kutoka Uingereza. Klabu ya kwanza ya aina hiyo iliundwa Munich miaka ya mwisho ya karne ya 19. Friederun alizaliwa mwaka 1891 upande wa Riga, Latvia ya leo, akaenda Munich akiwa binti mdogo kusomea sanaa. Alikuwa mchongaji. Huko akampata mume, Philip Stockmann, na pamoja na mume akapata mbwa, Boxer aliyeitwa Pluto. Mapenzi yakaanzia hapo. Wakaanzisha banda lao wakaliita von Dom.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Walimpata mtoto wa dume maarufu wa enzi hizo, Rolf von Vogelsberg, wakamwita Dampf. Dampf aliuzwa Marekani, na mwaka 1915 akawa Boxer wa kwanza kupata ubingwa nchini humo. Mmiliki wake alikuwa Herbert Lehman, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa New York.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Philip alikwenda jeshini, na Maboxer wa Munich nao wakaitwa vitani, kulinda na kupeleka ujumbe. Wengi hawakurudi. Rolf alikuwa miongoni mwao na alirudi. Akiwa mzee wa miaka 11, umri ambao mbwa wengi wa aina yake wanakuwa wameshakufa, alipelekwa tena maonyeshoni na akashinda. Fikiria beki wa miaka 45 anatoka vitani na kuchukua namba.

Friederun alibaki nyumbani na mabanda yake. Chakula hakuna kwa binadamu, sembuse mbwa. Vita ilipoisha ukaja mfumuko wa bei ambao uliifanya fedha ya Ujerumani ya mwaka 1923 ifae kuwashia moto. Ndani ya shida hizo huyu mama alikataa kufunga banda. Hakuwa na hela ila alikuwa na jicho. Mchongaji anaona sanamu ndani ya gogo kabla hajalikata. Friederun alikuwa anaona bingwa ndani ya mtoto wa mbwa ambaye bado anajikwaa.

AKAUZA KIKOSI KIZIMA

Mwaka 1929 alizaliwa Sigurd von Dom. Huyu alikuwa moto. Ila kila anayejua timu ndogo anajua kinachofuata: ukimtoa staa, wenye hela wanabisha hodi. Mwaka 1934 Sigurd aliuzwa Marekani.

Kabla hajaondoka alikuwa ameshaacha watoto, na watoto wakaacha wajukuu. Mmoja wa wajukuu hao ni Lustig von Dom. Kwa Friederun, Lustig ndiye aliyekuwa mbwa wa maisha yake, ile sanamu aliyokuwa anaitafuta miaka yote. Mwaka 1937 naye akaondoka. Aliyemnunua ni Erwin Freund wa upande wa Chicago, tajiri aliyepata utajiri wake kwa kubuni namna ya kutengeneza soseji zisizo na ngozi.

Halafu akafuata Utz, mdogo wake Lustig, baba mmoja mama mmoja. Huyu alikwenda Wisconsin kwenye banda la Mazelaine la familia ya Wagner. Banda hilo lilikuwa limeshamchukua na Dorian, mjukuu mwingine wa Sigurd aliyetoka banda jingine la Ujerumani.

Hesabu vizuri. Babu mmoja na wajukuu watatu. Wote wamevuka bahari ndani ya miaka michache. Ni kama timu ya mkoani iuze kipa, beki wa kati, kiungo na straika dirisha moja, tena kwa klabu za nchi moja.

Kwanini aliuza? Kwa sababu waliobaki bandani walitakiwa kula. Hakuna siri nyingine. Kila mwenye timu isiyo na mdhamini anaijua hiyo hesabu: unamuuza mmoja ili kumi na moja wapate nauli.

Huko Marekani mambo yakalipuka. Wanne hao, Sigurd, Dorian, Lustig na Utz, walizaa mabingwa zaidi ya 100 kwa jumla. Wafugaji wa Marekani waliwaunganisha watoto wa huyu na wa yule, na ndani ya miaka kumi Boxer, ambaye Wamarekani walikuwa hawamjui vizuri, akawa habari ya mjini. Mwaka 1947 Warlord wa banda la Mazelaine alishinda Westminster. Mwaka 1949 akafuata Brandy, wa Mazelaine pia.

Friederun wakati huo alikuwa Ujerumani, nchi ikiwa kifusi. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imemrudisha palepale pa mwaka 1918: njaa, na mabanda matupu. Damu yake nzuri yote ilikuwa ng'ambo ya Atlantiki ikiwabebea makombe watu wengine.

MTOTO WA WIKI KUMI

Mwaka 1949 Wamarekani walimwalika. Safari hiyo ilimfikisha hadi California, na huko akapewa kazi ya kuamua shindano dogo la watoto wa mbwa. Siyo Westminster. Ni yale mashindano ambayo watu wanakuja na watoto na vyakula, mbwa wenyewe wengine wanalala katikati ya zulia.

Kwenye kundi hilo kulikuwa na kitoto cha wiki kumi tu, mali ya daktari mmoja wa Santa Ana na mkewe, familia ya Harris, wenye banda lililoitwa Sirrah Crest. Ukilisoma Sirrah kinyumenyume unapata Harris. Mtoto mwenyewe aliitwa Bang Away.

Friederun alimpa ushindi. Lakini alichosema ndicho kilichobaki kwenye historia. Alimwita "Lustig mdogo".

Kwa asiyejua, hilo ni jina tu. Kwa anayejua, mama huyu alikuwa amemuuza Lustig miaka 12 nyuma ili mabanda yasife. Amepita kwenye vita ya pili. Amesafiri bahari nzima, na hapo, kwenye zulia la ugenini, anakutana na ile sura. Damu aliyoiuza ilikuwa imezunguka ikazunguka ikarudi kumsalimia. Wahenga walisema maji hufuata mkondo.

Wafugaji waliokuwepo walimsikia. Na wenye mbwa wakajua kwamba wamelala na dhahabu ndani.

FAINALI YA NEW YORK

Bang Away hakusubiri kukua. Alianza kushinda akiwa kijana, mkono wa mwongozaji mmoja, Nate Levine, ambaye alizunguka naye nchi nzima. Kwa wale wageni, mwongozaji ni kama joki kwenye farasi: ndiye anayemkimbiza ulingoni, anajua lini amwachie kamba na lini amsimamishe.

Februari 1951 wakafika Westminster. Mbwa alikuwa bado siku chache kutimiza miaka miwili. Alishinda aina yake, akashinda kundi, akaingia fainali na vinara wa makundi mengine, na akaondoka na kombe kubwa. Ilikuwa mara ya tatu Boxer kushinda Westminster ndani ya miaka mitano. Baada ya hapo aina hiyo ilisubiri mpaka 1970 kulipata tena.

Yeye hakuishia hapo. Mpaka anastaafu alikuwa ametangazwa mbwa bora wa onyesho zima mara 121. Siyo kushinda aina yake, siyo kushinda kundi. Kuwa namba moja wa mbwa wote waliokuwepo siku hiyo, mara 121. Kwa zama zile, ambazo maonyesho yalikuwa machache kuliko sasa, hiyo ilikuwa rekodi ya kutisha. Magazeti makubwa ya Marekani ambayo kwa kawaida hayana habari na mbwa yaliweka picha zake. Katika miaka hiyo ya 1950 Boxer akawa miongoni mwa mbwa wanaopendwa zaidi nchini humo.

KAZI YENYEWE ILIANZA NYUMBANI

Hapa sasa ndipo penye mchezo wenyewe. Bang Away alizaa mabingwa 81.

Tuiweke hesabu mezani ili tuelewane. Jike wa mbwa anabeba mimba kwa siku kama 63. Anazaa watoto watano, sita, saba, halafu anatakiwa kupumzika. Hata akiwa bora kiasi gani, maishani mwake atazaa mara chache tu. Dume hana kikwazo hicho. Leo analetewa jike kutoka Texas, wiki ijayo kutoka Chicago. Ndiyo maana jike bora anaijenga familia moja, lakini dume bora anaweza kugeuza sura ya aina nzima.

Na kuzaa peke yake si sifa. Dume yeyote anazaa. Sifa ni kile ambacho wafugaji wanakiita kupiga muhuri: unampelekea jike mwenye mgongo mbaya, watoto wanatoka na mgongo wa baba. Unampelekea mwingine mwenye kichwa kizito, watoto wanatoka na kichwa cha baba. Wapo mabingwa wengi wasio na muhuri huo. Wanashinda wao, watoto wanatoka mchanganyiko, kila mmoja na lake.

Siri ya muhuri si uchawi. Kila mnyama ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama, na kwa mtoto anapeleka moja tu. Kama nakala zako mbili zinatofautiana, mtoto anacheza bahati nasibu. Kama zinafanana, mtoto hana namna, atapata hiyohiyo. Sasa mbwa ambaye wazazi wake ni ndugu wa karibu ana nakala nyingi zinazofanana. Ndiyo maana anapiga muhuri. Na Maboxer wa Marekani, kumbuka, walijengwa juu ya babu mmoja na wajukuu zake watatu.

Kwa hiyo kilichomfanya Bang Away awe mashine ya mabingwa ni kilekile kilichokuwa hatari. Ukitaka tuseme kisoka, ni timu iliyofundishwa mfumo mmoja tu na kuujua mpaka usingizini. Inakufunga nne. Ila siku mpinzani akiupatia dawa mfumo huo, hakuna mpango wa pili.

BILI INAKUJA

Kila mfugaji alitaka damu hiyo. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Una jike mmoja, una hela ya kupandisha mara moja, na hapo kuna dume aliyeshinda mara 121. Unampeleka kwake. Jirani yako naye hivyohivyo. Baada ya miaka kadhaa wewe na jirani mnataka kuunganisha watoto wenu, mnafungua orodha za ukoo, mnakuta babu ni mmoja. Kizazi kinachofuata babu ni mmoja pande zote mbili. Hakuna aliyefanya kosa. Kila mmoja alichagua bora, na kwa kuchagua bora wote kwa pamoja wakajifungia chumbani.

Ubaya wa jeni ni kwamba nyingine zinajificha. Mnyama anaweza kubeba nakala moja mbovu na akawa mzima kabisa, anashinda makombe, hakuna jaji wa kuiona. Akizaa watoto mia, kama hamsini wanaondoka nayo. Siku wajukuu wawili wakikutana, mtoto anaweza kupata nakala zote mbili, na hapo ndipo ugonjwa unapojitokeza, miaka mingi baada ya yule mzee kufa na kombe lake kuwekwa kabatini.

Mfano mwepesi kwa Boxer ni rangi. Watu waliwapenda wenye kifua cheupe na soksi nyeupe miguuni, kwa sababu kwenye zulia wanang'aa. Lakini sura hiyo inatokana na kuwa na nakala moja ya jeni la weupe. Ukiunganisha wawili wenye soksi, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne anatoka mweupe karibu mwili mzima, na baadhi ya weupe hao wanazaliwa viziwi. Kila mtu alitaka soksi, hakuna aliyetaka mweupe. Damu haisikilizi mtu anataka nini.

Mfano mzito ni moyo. Boxer anajulikana kwa ugonjwa wa misuli ya moyo unaovuruga mapigo. Mbwa anacheza vizuri uani, anaanguka kama amezimiwa swichi. Wengine wanazinduka, wengine ndiyo basi. Mara nyingi dalili zinakuja akiwa na umri wa miaka kadhaa, yaani baada ya kuwa ameshashindana, ameshashinda na ameshazaa. Wapenda soka tunaijua hofu ya mchezaji kuanguka uwanjani bila kuguswa na mtu. Wenye Maboxer wanaishi nayo nyumbani.

Hakuna anayeweza kusimama leo akasema Bang Away ndiye aliyeuleta. Si haki kumtupia marehemu lawama ya ukoo mzima, na kwa Boxer ukoo ulikuwa umeshabanwa kabla yake. Lakini ushahidi wa ubanaji huo upo, na ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia.

Wanasayansi walipotaka kusoma kwa mara ya kwanza ramani nzima ya vinasaba vya mbwa, walipima mbwa wa aina 60 ili kumpata anayefaa. Walichotafuta ni mbwa ambaye nakala zake mbili zinafanana kwa kiasi kikubwa, kwa sababu ramani yake inaunganishika kirahisi. Wakamchagua Boxer jike aliyeitwa Tasha. Kazi ikachapishwa Desemba 2005, na Tasha akaingia kwenye historia ya sayansi duniani.

Ni heshima. Lakini ukiitafakari, ni heshima inayouma. Alichaguliwa kwa sababu ndani yake hakukuwa na utofauti wa kutosha kuwasumbua wataalamu.

KIPIMO CHA BINGWA WA LEO

Wafugaji hawakulala. Leo Boxer wa kuzalisha anapimwa moyo, na wengi wanafungwa kifaa kinachorekodi mapigo kwa saa 24 mfululizo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza jeni moja linalohusiana na ugonjwa ule wa moyo, ingawa wenyewe wafugaji wamejifunza kwamba jeni moja halielezi kila kitu. Wapo wanaokataa kumtumia dume kijana hata kama ameshinda kila kitu. Wanasema mwache afike miaka sita, saba, tuone kama moyo unadunda.

Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, ambalo kwa lugha yetu tungesema ndiyo FIFA yao, lilitoa pendekezo la kiasi. Dume mmoja asiwe baba wa zaidi ya asilimia 5 ya watoto wote wanaosajiliwa wa aina yake katika kipindi cha miaka mitano. Yaani hata kama wewe ni mfalme, waachie na wengine.

Si kila mtu anafurahi. Mwenye dume bingwa anaona anakatwa mkate wake. Mwenye jike anasema, "Mimi nina nafasi moja, kwanini niitumie kwa namba nne?" Na teknolojia haisaidii: mbegu za kiume sasa zinagandishwa na kusafirishwa, kwa hiyo dume aliyekufa miaka 20 iliyopita anaweza kuzaa kesho asubuhi bara jingine. Zama za Bang Away angalau jike alilazimika kusafiri.

Yote haya si ya Boxer peke yake. Mwenye kufuga yule mbwa mfupi mwenye mgongo mrefu, Dachshund, atakusimulia kuhusu migongo. Mwenye farasi wa mbio atakusimulia yake. Popote ambapo watu wanatafuta baba bora, stori ni moja, majina tu ndiyo yanabadilika.

TURUDI KWENYE ZULIA

Tumalizie pale California mwaka 1949, kwa mama mchongaji na kitoto cha wiki kumi.

Ni rahisi kusema Friederun Stockmann alidhulumiwa na maisha. Alizalisha, wengine wakabeba makombe. Alifuga kwa njaa, matajiri wakanunua. Timu ndogo zote duniani zinaimba wimbo huo, na mashabiki wake wanajua jinsi inavyouma kumuona dogo wako akifunga akiwa na jezi ya watu wengine.

Lakini mtazame tena. Angeng'ang'ania mbwa wake, inawezekana kabisa vita ya pili ingewamaliza bandani. Kuuza ndiko kulikowaokoa. Alipoingia kwenye lile zulia hakuwa na hisa kwa yule mtoto, hakuwa na shilingi ya kupata. Aliyekuwa nacho ni jicho tu, na jicho lilimwambia kwamba kazi ya maisha yake ipo hai, imesimama mbele yake kwa miguu minne, inatikisa mkia.

Makombe 121 yako kwenye vitabu vya rekodi. Mabingwa 81 nao wamekufa zamani. Bado ukikutana na Boxer aliyesimama vizuri, shingo juu, kifua mbele, Marekani au kokote damu hiyo ilikofika, kuna uwezekano mkubwa Bang Away yumo ndani yake, na nyuma ya Bang Away yumo Lustig, na nyuma ya Lustig yumo mama mmoja wa Munich aliyekosa chakula lakini hakukosa jicho.

Kwa hiyo shabiki mwenzangu, siku nyingine ukimuona mtoto wa staa anapiga danadana uwanjani, furahi. Ila usimkimbilie yeye peke yake. Tazama na yule wa pembeni asiye na jina la baba, anayecheza pekupeku. Timu inayotegemea damu moja hushinda sana, mpaka siku inapougua ndipo wote hugundua kwamba wameugua pamoja.